Inakuja Hivi Karibuni

Sekela,

Barua zenye adabu huanza kwa kuulizia afya. Yako naijua. Nimekuacha nyumbani asubuhi hii, umeinamia kompyuta, chai imepoa pembeni na inzi keshazama humo, unabadilisha rangi ya ukurasa wa mbele kutoka bluu kwenda bluu nyingine. Nilisimama nyuma yako nikauliza tofauti ni ipi. Ukasema, "Baba, hii ina utulivu." Mimi nimeshika rangi tangu sijaoa, na sijawahi kukutana na bluu yenye wasiwasi. Nikaona nikiendelea kusimama pale nitatamka maneno ya kuharibu siku yako ya mwisho nyumbani. Nikabeba tranka lako, nikasema naenda kurekebisha bawaba, nikaja zangu kibandani.

Basi ndiko niliko. Malori yamepanga foleni mpaka mwisho wake hauonekani, madereva wamejilaza chini ya matela wakisubiri karatasi zao za kuvuka mpaka, na hakuna aliyekuja na kazi, kwa hiyo nina nafasi ya kukukasirikia vizuri. Kesho alfajiri unapanda basi la Dar. Mambo ya kula, kulala, na kutopokea soda ya mtu usiyemjua safarini, mama yako amekupa wiki nzima, mengine kayarudia mpaka hata mimi nimeyashika. Langu ni moja, na ninaliandika kwa sababu tukilizungumza tunagombana. Ni hiyo tovuti yako.

Ulipompigia yule mama wa Dar mwenye ofisi ya ubunifu ulikuwa umeweka spika, nami nilikuwa nimekaa hapo hapo nikisafisha brashi. Alisema, "Binti, michoro miwili uliyonitumia imenipendeza sana. Ila nafasi ni moja na mnakuja wawili. Jumamosi nitafungua tovuti yako nione kazi nyingine, ndipo nijue." Jumamosi ni kesho. Kesho utakuwa ndani ya basi, simu haina chaji, au ina chaji haina mtandao. Yeye ataketi kwake na kahawa yake, atafungua, na atakuta nini? Atakuta lile bandiko ulilolitundika tangu masika: Inakuja Hivi Karibuni, na picha ya mtu mwenye kofia ya ujenzi. Masika yamepita, mahindi yamevunwa, kahawa imechumwa na kukaushwa. Huyo mtu wa kofia bado anajenga.

Ulipoanza nilifurahi kuliko unavyodhani. Ulikuwa ukitazama video za mafunzo mpaka bando linakata, unaandika vitu pembeni ya daftari la nyimbo za kwaya. Ukachukua templeti ya bure, yaani tovuti iliyokwisha kutengenezwa na watu wengine. Kwa muda mrefu ukurasa wa "Kuhusu Mimi" ulisema unaitwa Jessica, unaishi kando ya bahari na unapenda mbwa. Chini yake kulikuwa na maneno marefu ambayo si Kiswahili wala Kiingereza. Nikayanakili kwenye kipande cha karatasi, maana nilidhani ni mkataba unaouingia bila kusoma. Nikahisi ni Kilatini, na kanisani kwetu hatuna Kilatini, nikampelekea jirani yetu katekista wa Kikatoliki. Mzee wa watu akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti ya madhabahuni. Katikati akaivua miwani.

"Fundi," akaniambia, "hiki ni Kilatini kabisa. Lakini huyu aliyekiandika alikuwa mgonjwa."

Nilirudi nyumbani mbio. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Kumbe ni maneno ya kujazia tu, yanashika nafasi mpaka mwenye tovuti aandike yake. Nami nikacheka. Kisha nikauliza, "Na ya kwako utayaandika lini?" Kicheko kikaishia hapo hapo.

Tangu hapo nimeona herufi nene, herufi nyembamba, herufi zenye mikia. Nimeona picha yako ya mbele ukiwa umetabasamu, ukiwa hukutabasamu, ukiwa umegeuza shingo kama mtu aliyeitwa na mwenye deni. Kila jioni nikiuliza imefikia wapi unanijibu, "Imebaki kidogo, baba." Mama yako naye: "Mwache mtoto, anatengeneza." Sawa, anatengeneza. Hata mimi niliwahi kutengeneza.

Umekua chini ya bango langu na umelicheka maisha yako yote, lakini sidhani nimewahi kukueleza lilivyokuwa. Nilipotoka kijijini kwetu Iyula nilikuwa kijana mwenye mkono mzuri wa herufi na kichwa kigumu kama hicho chako. Babu yako alitaka nibaki kwenye kahawa. Nikamwambia nitarudi nikiwa na jina. Nikapata kibanda hiki, nikanunua ubao, na nikajiapiza kwamba sipokei kazi ya mtu hata mmoja mpaka bango langu likamilike, maana fundi wa maandishi atajulikana kwa bango lake. Nikaandika, nikafuta. Herufi zikawa nene mno, nikafuta. Zikaegemea kulia, nikafuta. Wateja wanakuja: "Fundi, hebu niandikie namba za tela." Nawajibu kwamba sijafungua. Nina brashi mkononi, rangi imefika kwenye nyusi, namwambia mtu sijafungua! Wanaondoka wanakwenda kwa jirani, ambaye hakuwa na bango kabisa. Alikuwa na stuli.

Mganga hajigangi, watu walikuwa wananitania. Nikawa nawaona wajinga wasiojua kazi nzuri inavyochelewa.

Aliyenivunja ni Bwana Hemedi, huyu huyu unayemwita babu. Wakati huo alikuwa na lori moja bovu, ametoka nalo Kondoa, na foleni ilimsimamisha hapa mbele. Alikaa kwenye kivuli cha tairi akanitazama kutwa nzima. Jioni akanijia.

"Wewe bwana, tangu asubuhi unaandika neno moja. Mna ugomvi?"

Nikamweleza habari za bango. Akanisikiliza kwa heshima yote, kisha akasema, "Mimi kesho navuka, inshallah, na lori langu halina jina. Ama uniandikie sasa hivi, ama uendelee kupigana na huo ubao."

Nilikuwa nimefika FUNDI WA MAANDI. Nikaweka brashi kando, nikajisemea nitamalizia nikitoka kwake. Baada ya Hemedi akaja rafiki yake, na rafiki wa rafiki yake, na mpaka leo hii sijarudi kumalizia. Bango ni lile lile. Madereva wa nchi tatu wananiita Fundi Maandi. Shuleni walikuita Sekela Maandi, ukarudi unalia, ukanishika shati ukitaka niongeze herufi zilizobaki. Ilinipasa kukueleza siku ile kwa nini siongezi, badala yake nilikununulia andazi.

Ungedhani hapo nimejifunza. Nilijifunza nusu, kama bango lenyewe. Kazi zikaja, nikaandika malori mpaka nikasahau idadi: majina ya watoto, aya za Biblia na za Kurani, vijembe vya dereva kwa wenye wivu. Lori likikauka linavuka mpaka, linakwenda zake. Sikupiga picha hata moja. Sikuweka jina langu hata kwenye pembe ya mlango. Nikiulizwa nasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ah, Sekela! Methali hiyo imenila. Chema hakijiuzi kama kiko Lubumbashi na mnunuzi yuko Tunduma.

Alikuja mtu mwenye magari mengi, anataka yote yaandikwe milango kwa mtindo mmoja. Kazi ya kumtoa mtu kwenye kibanda cha mabati. Akaniuliza kwa upole, "Nionyeshe kazi zako."

"Kazi zangu ziko barabarani, mzee."

"Barabara ipi?"

"Hii ya Zambia, mpaka Kongo."

Akacheka, na sikumlaumu. "Kwa hiyo niendeshe mpaka Kongo nikaone mwandiko wako?" Kazi akampa kijana mmoja wa Vwawa aliyekuja na albamu ya picha kwapani. Kijana mwenyewe herufi yake ya S ilikuwa inayumba kama imekunywa. Kwa miaka, magari yale yamepita mbele ya kibanda hiki, na kila S niliisoma. Nilikuwa nasema sijali. Mama yako anajua nilivyokuwa siku magari hayo yakipita, maana chakula kilikuwa hakipandi.

Sasa niambie, nani alinitoa kwenye ujinga huo? Wewe! Ulikuwa mdogo, una simu ya mama yako yenye kioo kilichopasuka, unakimbilia kila lori kabla halijatembea: "Dereva, subiri kidogo!" Unapiga picha mlango, unapiga ubavu, unapiga madigadi ya nyuma ya matairi. Picha hizo ndizo ushahidi pekee kwamba baba yako amefanya kazi maishani. Mtu aliyeyajua hayo akiwa na meno ya maziwa, leo amekaa na kazi zake amezifungia ndani na ufunguo anao mwenyewe. Nikikufikiria hivyo natamani kukurushia kopo.

Nije kwenye kilichoniuma. Juzi ulinionyesha ukurasa mpya wa kazi zako. Nikaona chupa ya manukato ya kampuni ambayo haipo. Nikaona tangazo la hoteli ya kisiwani, na wewe kisiwa unakijua kwa ramani. Nikaona viatu vya mbio. Nikashuka, nikashuka, nikafika chini kabisa.

"Kanga wa babu Hemedi wako wapi?"

"Nimewatoa, baba."

"Na mkono wa bibi yako?"

"Nao nimeutoa."

"Huyo mama wa Dar si ndiyo hiyo miwili aliyoipenda?"

"Alikuwa ananitia moyo tu. Baba, ni madigadi ya lori! Huyo mwenzangu amesoma chuo, tovuti yake nimeiona, ni kali balaa. Mimi nikiweka madigadi wataniona mshamba."

Ulidhani nimekubali. Nilikuwa nimeshika brashi kwa meno, na niliposhusha ile brashi ulikuwa umeshageukia rangi zako. Lakini niliumia, mwanangu, sitakuficha. Nililala nimeumia na nikaamka nimeumia.

Wale kanga uliwachora kwenye madigadi ya nyuma ya lori la Hemedi, mmoja kila upande, wanatazamana, lori likitembea wanatikisika kama wanadonoa. Hukufundishwa na mtu. Kuna dereva Mzambia alishuka kwenye gari lake katikati ya foleni, wenzake wanampigia honi, akaja kupiga magoti nyuma ya lori la mtu mwingine awatazame vizuri. Akaniuliza nani kachora. Nikakuonyesha kwa kidole, uko pale na sare ya shule. Akakupa mkono kama mtu mzima, akakushukuru kwa Kibemba, "Natotela, mukwai, natotela." Huyo naye alikuwa anakutia moyo? Alipoteza nafasi yake kwenye foleni, Sekela! Unaijua foleni ya hapa. Mtu hapotezi nafasi yake kwa huruma.

Na ule mkono. Akina mama wa kahawa kule Iyula walitaka picha ya kubandika kwenye mifuko yao, wakakuagiza msichana anayetabasamu na kikapu kichwani. Ukaenda, ukakaa na bibi yako shambani, ukarudi na mkono tu: mkono wake unachuma, vidole vimekakamaa, na kile kitambaa alichofunga kwenye dole gumba. Wakashangaa. Bibi akautazama, akakwambia, "Mbona umenichora na kidonda? Ungeningoja nipone." Kisha wakaubandika. Nenda leo uone: mfuko mmoja ameuegemeza kabatini, na mgeni akiingia, kabla hajapewa hata kiti, bibi anaweka mkono wake kando ya mchoro ili alinganishe. Yule bibi ambaye hana meno ya kucheka anacheka. Wewe umeufuta, ukaweka manukato.

Najua unachoogopa. Mchoro wa manukato wakiukataa, wamekataa manukato. Mkono wa bibi wakiukataa, wamekukataa wewe, na bibi, na sisi wote huku. Naelewa. Hata bango langu lilikuwa hivyo hivyo. Mradi halijaisha, hakuna wa kusema ni baya. Na katika kufuta, mwalimu wako ni mimi. Nilikuwa nakupa kibao na kitambaa chenye thina ya kufutia rangi, ukiandika herufi nasema "tena", ukiandika nasema "tena", na sikumbuki siku niliyosema "hii iache." Niliona ni malezi ya kazi. Ningerudishiwa siku moja tu ya zile, ningekunyang'anya kile kitambaa.

Lakini siku hazirudishwi na mimi hasira zangu hazijaisha, kwa hiyo nisikie. Leo baada ya kula, warudishe kanga. Urudishe mkono. Manukato ukiyapenda yaache, ila usimdanganye mtu kwamba kampuni ipo. Pale Kuhusu Mimi ondoa hayo makubwa uliyoandika, eti "msanii wa kimataifa mwenye maono." Kimataifa gani, wewe ambaye Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka, ulivuka ukanunue vitenge na mama yako? Andika unaitwa nani, umetoka wapi, umechora nini, kwa ajili ya nani, na mtu akikutaka akupate vipi. Kama pamebaki pengo, liache liwe pengo. Kisha bonyeza hicho kitufe, ulale. Mwenzako wa chuo mwache na tovuti yake kali. Huenda akapata yeye nafasi. Ikiwa hivyo, na iwe baada ya yule mama kuuona mkono wa bibi yako, maana asipouona, hutajua maisha yako yote kama ungeshindwa kweli, na hapo utakuja kuwa kama mimi, unahesabu S za watu barabarani.

Mama yako atakupa barua hii ukimaliza kula. Bando nimekuwekea, usiseme halipo. Tranka nitalileta stendi mwenyewe asubuhi, na kuhusu hilo tranka nina la kusema.

Bawaba ilikuwa nzima. Ungeinua kichwa kwenye kompyuta ungejua nadanganya. Nimelipiga msasa, nimelipaka bluu, na usiniulize kama ina utulivu. Ubavuni, kwa herufi nyeupe zenye kivuli chekundu, zile ninazowawekea wenye malori mapya, nimeandika anwani ya tovuti yako, yote, mpaka ile nukta na herufi za mwisho. Bwana Hemedi alipita akanishikia kamba ya kunyooshea mstari. Akaisoma, akaniuliza, "Sasa mtu akiifungua anakuta nini?" Nikamwambia hilo akuulize wewe. Nimetumia rangi ya mafuta, Sekela. Hii haina kitufe cha kurudisha nyuma. Litaingia stendi, konda atalisoma, abiria watalisoma, na kwenye basi la Dar hakukosi vijana wenye simu wasio na la kufanya. Kabla ya Makambako watakuwa wameshafungua. Wamkute mwenye kofia ya ujenzi, au wawakute kanga, ni juu yako na usiku wa leo.

Kitu kimoja zaidi, ukitazama chini kwenye kona. Katika malori yote yale sikuwahi kukifanya, na leo nimekaa nacho muda mrefu, brashi imekauka nikailoweka tena. Nimeandika, Kazi ya Fundi Maandi, Tunduma. Ile K imeyumba, mtu yeyote ataiona. Kitambaa cha thina kilikuwa hapa hapa magotini, nikakishika, kisha nikakirusha nje barabarani.

Baba yako